Hela niliyotumia kuomba MFE Marekani: wakala, kozi ya C++, GRE na mwalimu mstaafu, kila kimoja na haki yake

Kuna watu kama kumi hivi wameniuliza kwa nyakati tofauti nilijiandaaje kuomba masters ya uhandisi wa fedha, yaani MFE, hisabati na programu za kompyuta za kuwekea bei vitu vya soko la fedha, na kila mmoja nimemjibu nusunusu, kwa hiyo naandika yote hapa nimalize. Hii ni rivyuu ya vitu nilivyovilipia mimi mwenyewe kwa mshahara wangu kuanzia mwezi wa nne 2023 mpaka mwezi wa pili 2024, kipi kilinisaidia na kipi kilikula hela tu.

Nilipokuwa: digrii ya kwanza ya takwimu hapa Dar, GPA 4.2 kwenye ile skeli yetu ya 5, halafu miaka miwili trezari ya benki, kazi yangu kubwa hatifungani na dhamana za serikali, yaani karatasi ambazo serikali inauza mnadani ili kukopa, kuandaa bidi za mnada, kuweka bei kwenye Excel, kuripoti. Hisabati nilikuwa nayo ila yenye matobo. Kalkulasi ya vigeu vingi nilisoma mwaka wa kwanza nikasahau, aljebra ya matriki nilikuwa naikumbuka kwa mbali, numerical analysis (kutafuta majibu kwa makadirio ya kompyuta) sikuwahi kusoma kabisa, na PDE (milinganyo ya derivativu za vigeu vingi) ndiyo usiniulize. Kompyuta nilijua Excel na R kidogo. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo mzizi wa kila kitu, MFE siyo MBA, wale watu wanafungua transkripti yako wanatafuta masomo kwa majina, na kama hayapo wanataka kuona umeyaziba wapi.

Nianze na wakala.

Sitamtaja jina wala ofisi yake iko wapi. Ni hawa mawakala wa vyuo vya nje, ofisi nzuri, kiyoyozi, picha za wanafunzi ukutani wameshika bendera. Nilimlipa milioni moja na laki nane kwa awamu mbili, na ahadi ilikuwa kwamba watanichagulia vyuo, wataniandikia esei, watajaza fomu, watafuatilia barua za walimu, mimi kazi yangu kuleta vyeti tu. Nilikubali kwa sababu nilikuwa natoka kazini saa moja usiku nimechoka na nilikuwa naogopa, sijawahi kuona mtu wa karibu yangu aliyeomba programu kama hizi, nikaona bora nimpe mtu anayejua.

Tatizo la kwanza lilikuwa orodha. Aliniletea vyuo sita na kwenye mstari wa Columbia kaandika "MFE" basi. Sasa Columbia kuna vitu viwili tofauti, kuna Financial Engineering iliyo upande wa uhandisi na kuna Mathematics of Finance iliyo chini ya idara ya hisabati, na kila moja ina aplikesheni yake. Nilipomuuliza ni ipi akaniambia "zote ni zilezile dada, tutaangalia." Hakujua kwamba Berkeley inaanza mwezi wa tatu na siyo wa nane au wa tisa kama wengine, kwa hiyo dedilaini zake zinakaa kivyake kabisa. Hakujua kwamba Carnegie Mellon inakwenda miezi 16 wakati Berkeley ni mwaka mmoja, na hiyo tofauti ya miezi ni kodi ya nyumba na chakula cha Marekani, siyo kitu kidogo kwa mtu wa mshahara wa shilingi. Wala hakunigusia kwamba programu ikihesabiwa kuwa ya STEM, yaani ya sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati, mwanafunzi wa nje anaweza kufanya kazi mpaka miezi 36 baada ya kumaliza, 12 ya kawaida na 24 ya nyongeza, jambo ambalo kwa mtu anayekopa ada linabadilisha hesabu yote. Haya yote nilikuja kuyasoma mwenyewe kwenye tovuti za vyuo, usiku mbili tu, bure.

La pili ni GPA. Kwenye fomu ya majaribio aliyonionyesha alikuwa ameandika 3.4 kwa 4. Nikamwuliza hii imetoka wapi, akasema ameibadilisha kwa skeli yao ili waelewe. Jamani msifanye hivi. Fomu nyingi zinakwambia uandike GPA kama ilivyo kwenye transkripti na skeli yake, wao wana watu wanaojua kwamba Tanzania 4.4 kwenda juu ni first class na kwamba 4.2 ni upper second ya juu, ukiwabadilishia unakuwa umejipunguzia mwenyewe na pia karatasi zako hazifanani, transkripti inasema hivi fomu inasema vile.

La tatu ndilo lililonitoa pale. Barua za walimu. Alinitaka niandike barua mwenyewe kwa niaba ya walimu wangu halafu yeye "atatengeneza" imeli za walimu ili linki za chuo zije kwake azipakie yeye. Nilinyamaza kidogo nikidhani sijaelewa. Kumbe nilielewa. Chuo kinapomtumia mwalimu linki moja kwa moja kinafanya hivyo ili kisikie sauti ya mwalimu, siyo yangu, na siku wakigundua hawakunyimi nafasi tu, wanaweza kukufukuza ukiwa umeshafika na umeshalipa ada. Niliomba hela yangu ya awamu ya pili irudi, nikaambiwa huduma ilishatolewa. Laki tisa. Nilitoka pale nikapanda daladala nimekaa dirishani nalia kimya kimya mpaka Mwenge.

Kilichobaki mkononi ni ile esei yao. Ilianza na "tangu utotoni nimevutiwa na namba", ikaja "ndoto yangu ni kuleta mapinduzi katika sekta ya fedha Afrika", na katikati ilisema mimi nina ujuzi wa stochastic calculus, yaani kalkulasi ya vitu vinavyoyumba kwa bahati kama bei za hisa. Sina. Wakati ule sikuwa nao hata kidogo, yaani hata ukiniamsha usiku nisingeweza kukwambia Brownian motion ni nini kwa sentensi mbili zilizonyooka. Nitarudi kwenye esei baadaye kwa sababu ina hadithi yake.

Kwa wakala kama huyu sitoi nyota. Kama unatafuta mtu wa kukuongoza mambo ya jumla ya vyuo vya Marekani, EducationUSA, ile huduma ya ushauri ya serikali yao yenyewe inayofanya kazi kupitia balozi zao, haikutozi hata mia. Hawatakuandikia kitu, na hilo ndilo jema lake.

Sasa kozi ya C++, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Hii ni ile ya QuantNet, tovuti ya watu wa uhandisi wa fedha, wanayoendesha pamoja na programu ya MFE ya Baruch College, New York, maudhui yake yameandaliwa na Daniel Duffy. Ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote nilivyonunua na nilikisitasita wiki tatu nzima, nikimwambia kila mtu nitalipa kesho. Nililipa. Ilinichukua karibu miezi minne, usiku baada ya kazi na Jumapili yote, na naipa nyota tano bila kusita, ila siyo kwa kila mtu, nitasema kwa nini.

Inavyokwenda ni kwamba unapanda ngazi. Unaanza na sintaksia ya kawaida, unakuja kwenye klasi, urithi, templeti, maktaba za STL na Boost, halafu ngazi ya mwisho ndiyo unaanza kupigia hesabu za fedha zenyewe, kuweka bei ya opsheni (haki ya kununua au kuuza hisa baadaye kwa bei iliyopangwa leo) kwa fomula ya Black-Scholes, Monte Carlo (kuigiza bei kwa namba za bahati mara nyingi na kuchukua wastani), na finite difference (kukata mlinganyo vipande vidogo vidogo). Kila ngazi ina homuwek, unaituma, unapangiwa mtu anayekusahihishia anasoma kodi yako, yaani programu uliyoiandika, mstari kwa mstari na kukwambia hapa umekopi kitu kizima wakati ungepitisha rejeo tu, hapa umesahau const. Kwa mtu ambaye hajawahi kusomewa kodi yake na binadamu mwingine hicho peke yake ni shule.

Ngoja niwape tukio moja muone ninachomaanisha nikisema kozi ilinibadilisha. Nilikuwa najaribu opsheni ya mfano, hisa bei 60, bei ya utekelezaji 65, robo mwaka, riba asilimia 8, volatiliti, yaani kiasi bei inavyoyumba, asilimia 30. Kodi yangu ikanipa call (opsheni ya kununua) 2.124 na put (ya kuuza) 5.837. Nikafanya kama kila mtu anavyofanya, nikapima kwa ule uwiano wa call na put, yaani call ukitoa put lazima iwe sawa na bei ya hisa ukitoa 65 iliyopunguzwa kwa riba ya miezi mitatu. 60 toa 63.713 ni hasi 3.713. Na 2.124 toa 5.837 ni hasi 3.713. Imekubali. Nikafunga laptopu nikalala na furaha yangu.

Kesho yake nikaandika Monte Carlo ya opsheni ileile. Kwa sampuli elfu kumi majibu yanaruka ruka, 2.09, 2.17, huwezi kusema kitu. Nikaongeza mpaka milioni nne na hapo ikatulia kwenye 2.13, nikarudia, 2.13 tena. Si 2.12. Tofauti ya karibu senti moja, mtu mwingine angesema achana nayo, mimi pia nilitaka kuachana nayo, lakini makosa ya Monte Carlo yanapungua nusu kila ukizidisha sampuli mara nne, na kwa milioni nne ile tofauti ilikuwa kubwa mno kuwa bahati mbaya. Nilikaa nayo siku mbili. Kumbe kwenye d1, moja ya namba mbili za katikati ya fomula ya Black-Scholes, nilikuwa nimeandika 1/2 mara volatiliti ya mraba, na C++ ikiona 1 na 2 inaona namba kamili mbili, inagawanya inapata sifuri, kipande chote cha volatiliti kinafutika bila kelele, hakuna onyo hakuna nini. Nikaweka 0.5, ikatoka 2.133 na 5.846. Msahihishaji wangu nilipomweleza akaniandikia kitu ambacho mpaka leo nimekibandika juu ya meza: uwiano wa call na put hauoni d1. Na kweli, ukiikosea d1 kwa namna ileile kwenye call na kwenye put uwiano unabaki palepale, kwa sababu N (probabiliti ya mgawanyo wa kawaida) ya d na N ya hasi d siku zote zinajumlika kuwa moja. Kipimo kilikubali na jibu lilikuwa siyo.

Hii nimeieleza kirefu kwa sababu ndicho kitu nilichokuja kukisimulia kwenye intavyuu na ndicho kilichowafanya waache kuniangalia kama fomu namba fulani.

Nani asinunue: kama hisabati yako ina matobo kama yangu, kozi hii haitakufundisha hisabati, inadhani unajua. Na kama hujawahi kabisa kuandika programu anza kwanza na Python ya bure miezi miwili, vinginevyo utalipa hela nyingi kujifunza kitu ambacho ungekipata bure. Na bando, weka hesabu ya bando.

Ambaye hana hela ya hii kozi asikate tamaa. WorldQuant University wanatoa masters nzima ya uhandisi wa fedha kwa intaneti bila ada, imeidhinishwa Marekani, wanatumia Python, kuna mtihani wa kuingilia wa hisabati, na kazi nyingi ni za makundi, unapangwa na watu wa nchi tofauti na mnapeana maksi. Nina rafiki yangu Nairobi anaisoma huku anafanya kazi na anasema ugumu wake ni nidhamu tu, hakuna anayekusukuma. Wengine wanaitumia kama ngazi ya kwendea kwingine, wengine inawatosha yenyewe. Na Kigali kuna AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, masters ya hisabati ya mwaka mmoja wenye skolashipu kamili, siyo ya fedha moja kwa moja lakini inaziba matobo ya transkripti kuliko kitu chochote ninachokijua hapa karibu. Wakenya nyie mna bahati zaidi, JKUAT na Strathmore wana digrii ya kwanza kabisa yenye jina hilohilo la financial engineering, nusu ya shida zangu msingekuwa nazo.

Mwalimu sasa. Huyu ni mhadhiri mstaafu wa hisabati, alinifundisha mwaka wa pili, nilipata namba yake kwa mtu nikampigia nikiwa bado na hasira za wakala. Nikamwambia shikamoo Mwalimu, nikajieleza, akasema "marahaba mwanangu, njoo Jumamosi, uje na daftari, kikokotoo usije nacho." Elfu ishirini kwa saa. Tulikaa barazani kwake chini ya mwembe, Jumamosi ishirini na mbili nimezihesabu kwenye daftari, na daftari zenyewe zikafika tano. Alianza na aljebra ya matriki kwa mkono, matriki za tatu kwa tatu, mpaka nikawa naona eigenvector kama kitu chenye maana na siyo kanuni ya kukariri. Halafu probabiliti. Hapo ndipo alipokuwa mkali.

Siku moja alichukua sarafu ya mia mbili mfukoni akaniuliza, nikirusha hii mpaka nipate kichwa halafu nyuma vikifuatana, kwa wastani nitarusha mara ngapi? Nikahesabu nikapata 4. Vizuri. Na mpaka nipate kichwa na kichwa? Nikajibu haraka, 4 pia, kwa sababu sarafu ni ileile. Hakusema nimekosa. Alinipa ile sarafu akasema rusha, andika. Tukarusha pale barazani karibu saa nzima, mke wake akaleta chai akatukuta tunarusha sarafu, na wastani wangu ukawa unakuja kwenye 6 siyo 4. Ndipo akanionyesha: ukitafuta kichwa na nyuma, ukishapata kichwa hata ukipata kichwa kingine hujapoteza kitu, bado umebakiza nyuma moja. Lakini ukitafuta vichwa viwili, ukipata kichwa halafu nyuma ikaja, unarudi sifuri kabisa. Unaandika milinganyo miwili unapata 6. Miezi minne baadaye nikaulizwa swali hilohilo kwenye intavyuu, na sikujibu kwa kukariri, niliiona baraza na ile sarafu.

Huyu nyota zote, na ndiye niliyemlipa kidogo kuliko wote.

GRE, ule mtihani wa kuombea masters Marekani, sitaremba, ni mtihani tu. Tangu mwezi wa tisa 2023 umefupishwa, hauzidi saa mbili, esei moja ya dakika 30, hisabati maswali 12 kwa dakika 21 halafu 15 kwa dakika 26, na Kiingereza idadi hiyohiyo ya maswali kwa dakika pungufu kidogo. Ada ilikuwa dola 220, kwa wakati ule laki tano na nusu, nililipa kwa kadi ya Visa ya M-Pesa. Matokeo yanakaa miaka mitano. Kwa MFE za juu wastani wa hisabati wa waliokubaliwa unakaribia 170 yenyewe, ambayo ndiyo maksi ya juu kabisa, kwa hiyo 160 ambayo kwa masomo mengine ni nzuri tu huku inakuwa doa. Usinunue vitabu vingi. Kuna mitihani miwili ya mazoezi ya bure ya ETS wenyewe, wanaotunga GRE, inaitwa Powerprep, fanya wa kwanza mwanzoni ujue uko wapi, wa pili wiki moja kabla. Mimi kilichonikosesha maksi kwenye mazoezi hakikuwa hisabati ngumu, ni kusoma swali vibaya kwa haraka, na dawa yake ilikuwa kufanya maswali mepesi mengi kwa kujipima muda, kila siku dakika 40.

Nilifanyia nyumbani kwa kompyuta, na ulikuwa ule mwezi wa kumi wa mgao wa umeme mnaukumbuka, kwa hiyo sikufanyia kwangu bali ofisini kwa shemeji yangu Msasani kwenye jenereta, saa nne usiku, mlango umefungwa, meza tupu. Huruhusiwi karatasi ya kawaida, unaandika kwenye ubao mdogo wa kufutika na unamwonyesha msimamizi kwa kamera kwamba umeufuta. Fanya mazoezi na ubao huo kabla, mwandiko unabadilika na nafasi inaisha haraka. Hisabati nilipata 168.

Esei. Nilimpelekea Mwalimu ile ya wakala nikiwa na wazo la kuirekebisha maneno. Akavaa miwani akaisoma mpaka mwisho, akaikunja akanirudishia. Akasema, "Hii barua haina mtu ndani." Halafu akaniuliza, kazini kwako kitu gani kinakusumbua ambacho hakuna anayekijibu?

Nikamwambia. Serikali inauza hatifungani za miaka miwili, mitano, saba, kumi, kumi na tano, ishirini, ishirini na tano. Mteja ana hatifungani iliyobakiza miaka 12 na miezi mitano anataka kuuza leo. Bei yake ni ngapi? Kwenye soko letu mara nyingi hakuna aliyeuza kitu kama hicho wiki hiyo wala mwezi huo, basi unachukua riba ya kumi na ya kumi na tano unapiga mstari ulionyooka katikati, na kila mtu anajua mstari ule siyo kweli lakini ndiyo tunafungia mahesabu. Nikaendelea kuongea, nafikiri niliongea nusu saa. Aliponinyamazisha akaniambia, andika hicho.

Niliandika hicho. Wiki tatu nikajifunza kuchora curve, yaani mstari uliopinda unaoonyesha riba kwa kila muda wa hatifungani, kwa fomula ya Nelson-Siegel kwa Python kwa kutumia matokeo ya minada yanayotangazwa na Benki Kuu, nikalinganisha na ule mstari wetu, nikaonyesha wapi zinatofautiana zaidi, na esei nzima ikawa ni hiyo: hiki ndicho nilichokikuta kazini, hapa ndipo hisabati yangu ilipoishia, haya ndiyo masomo ya programu yenu yatakayonivusha. Hakuna utoto, hakuna ndoto. Stochastic calculus niliandika kwamba sijasoma na nataka kuisoma. Kila chuo nilikibadilishia aya ya mwisho kutokana na kozi zao halisi, siyo kubadilisha jina la chuo tu.

Barua nilipata tatu, mwalimu wa takwimu, huyu mstaafu, na bosi wangu wa trezari. Jueni kwamba vyuo vingi vinataka imeli ya kazini ya mwalimu na walimu wetu wengi wanatumia Gmail au Yahoo ya zamani, kwa hiyo mwombe mapema afungue ile ya chuo, na linki zikitumwa mpigie simu siku hiyohiyo akague hata kwenye spam, moja yangu ilikaa huko siku tisa. Wape wiki sita. Na wapelekee karatasi moja yenye mlichofanya pamoja, siyo sifa zako, matukio tu, wao watachagua.

Niliomba vyuo vitano, ada ya maombi peke yake ilikuwa mshahara wangu wa mwezi na zaidi, angalia kabla kama kuna msamaha wa ada na kama wanakusamehe TOEFL, mtihani wa Kiingereza, kwa kuwa ulisoma digrii kwa Kiingereza. Baruch niliiweka kwa sababu ni chuo cha umma na ada yake iko chini sana ukilinganisha na majirani zake wa New York, ila darasa lao ni dogo na wanajulikana kwa kuchuja sana, usiiweke kama akiba.

Intavyuu nilifanya mbili. Kwenye moja, baada ya swali la sarafu na lile la kodi yangu ya C++, mama mmoja akaniuliza kuhusu curve yangu. Ilikuwa mwezi wa pili 2024, na mwezi wa kwanza Benki Kuu yetu ilikuwa imehamia kwenye mfumo wa riba kutoka ule wa kudhibiti wingi wa fedha, wakaanza na asilimia 5.5. Akauliza, sasa upande wa muda mfupi wa curve yako unatarajia ufanyeje? Tukabishana dakika kumi na tano, yeye na mimi, kuhusu dhamana za siku 91 na kama soko la mabenki kukopeshana kwetu lina nguvu ya kutosha kuipeleka riba ile kwenye hatifungani za miaka mingi. Nilisahau kwamba ni intavyuu. Ingekuwa ile esei ya milioni moja na laki nane pale mezani, tungeongelea nini mimi na yule mama?

Vyuo viwili kati ya vitano vilinikubali, kimoja kwa punguzo la ada. Vitatu vilikataa, na viwili kati ya hivyo vitatu ni vile nilivyovituma usiku wa mwisho.

Kwa anayeanza sasa na ana hela ya kitu kimoja tu: tafuta mwalimu wako wa hisabati wa chuo, aliyestaafu ndiyo bora ana muda, umlipe kwa saa. Ukibaki na ya pili, GRE. Ya tatu, kozi ya C++. Wa kwangu anapokea watu watatu tu kwa wakati na namba yake siiweki hapa mpaka nimwombe ruhusa, nikishamwuliza Jumamosi hii nitawajibu mlioniuliza mmoja mmoja.